Ukurasa Nilioukata

Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tukipanga viti baada ya mkutano, mmoja wenu aliniuliza kwa nini kila silabusi ninayowagawia ina ukurasa mzima wa majina mwishoni, na kwa nini siruhusu uondolewe hata pale karatasi zinapopungua. Nilimjibu kwa kifupi kwamba ni deni. Niliona usoni mwake kwamba jibu halikumtosha. Leo namjibu kwa urefu, na pamoja naye ninyi nyote mnaosoma tafakari hizi katika vikundi vyenu vya parokia. Habari yenyewe ni ya aibu yangu. Nimeificha muda mrefu, na haikumfaidia mtu yeyote nilipoificha.

Mimi ni mwalimu wa informatike katika shule ya sekondari hapa Bukavu. Nilipoanza kazi, chumba chetu cha mashini kilikuwa na kompyuta sita, na kati yake nne ndizo zilizowaka. Intaneti haikuwepo; aliyetaka kusoma kitu alinunua mega kwa fedha yake na kukisoma kwenye simu. Umeme ulikuja na kwenda upendavyo, kwa hiyo somo la kuandika programu nililifundisha zaidi ubaoni, kwa chaki, kama mtu anayefundisha kuogelea akiwa nchi kavu. Kitabu cha kufundishia hatukuwa nacho hata kimoja.

Siku moja rafiki yangu aliyekuwa amemaliza chuo kikuu alinipa flashi. Ndani yake mlikuwa na kitabu cha Kifaransa chenye kurasa mamia, kiitwacho Apprendre à programmer avec Python. Aliyekiandika ni Gérard Swinnen, mwalimu wa Ubelgiji ambaye naye alikuwa akifundisha wanafunzi wa sekondari. Nilikisoma usiku tatu mfululizo. Kila nililokuwa nikilisema kwa kubabaika ubaoni, kitabu kile kililisema kwa utaratibu, hatua kwa hatua, pamoja na mazoezi. Nilijisikia kama mtu aliyekuwa akichota maji mbali, kisha akaonyeshwa chemchemi nyuma ya nyumba yake.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Nilichagua sura sita, nikazifupisha zikawa kurasa arobaini, nikaacha kila nilichodhani si cha lazima ili gharama ya karatasi ipungue. Kurasa za mwanzo, zile zenye jina la mwandishi na maneno ya leseni yake, nilizikata. Mahali pake niliandika jina langu kwa herufi kubwa, na chini yake, kama walimu wengi wafanyavyo, nikaongeza sentensi hii: ni marufuku kunakili silabusi hii. Kisha nikaiuza kwa wanafunzi wangu.

Sitaki kujitetea kwa njaa, ingawa njaa ilikuwepo. Wengi wenu ni watoto wa walimu. Mnajua hali ya nyumbani mwezi ambao mshahara unachelewa. Fedha ya silabusi ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba yangu. Lakini nikisema ukweli mbele ya dhamiri yangu, haikuwa fedha peke yake. Nilipenda pia kuitwa mwandishi. Nilipenda wenzangu walioniuliza, «Mwalimu, wewe uliandika haya yote?» nami nikanyamaza kwa namna iliyomaanisha ndiyo.

Katika darasa la mwaka wa tatu wa humanite alikuwemo binti mmoja ambaye hakuweza kununua. Hakulalamika. Aliazima silabusi ya mwenzake na kuinakili yote kwa mkono, usiku baada ya usiku, katika daftari la kurasa mia mbili, mpaka michoro. Nilipomwona nalo darasani nilikasirika. Nilimwambia kwamba amevunja agizo lililoandikwa juu ya jalada, nikalichukua daftari, nikalifungia kabatini. Hakusema neno. Mwaka uliofuata alibadili masomo akaenda kujifunza ushonaji. Sikujiuliza sababu.

Baadaye alikuja mwalimu kijana kutoka kisiwa cha Idjwi. Alivuka ziwa kwa boti asubuhi, akaja moja kwa moja shuleni kuniomba faili la silabusi, kwa sababu shule yake ilikuwa imepata kompyuta mbili na paneli ya jua, nayo haikuwa na kitabu. Nilimnyima faili. Nilimwuzia nakala moja ya karatasi, tena bila kumpunguzia hata franga moja. Alinishukuru kwa mikono miwili, akarudi bandarini.

Ilipita miezi kadhaa. Alirudi tena, akakaa mbele yangu, akaanza kwa heshima.

«Mkubwa wangu, nisamehe nikikuchosha. Wanafunzi wangu ni watoto wa wakulima wa kahawa. Niliwapa zoezi la kuhesabu mauzo ya nyumbani: kilo tatu na nusu, kila kilo franga 2000. Waliandika kama tunavyoandika shuleni siku zote, 3,5 * 2000. Mashini haikukataa. Ilijibu (3, 10000). Mtoto mmoja akafurahi, akasema mama yake anadai franga 10000.»

Jibu la haki, mnajua, ni 7000. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tunatenganisha desimali kwa mkato. Lugha ya Python, kama lugha nyingi za kompyuta, inatumia nukta: 3.5. Mkato ndani yake una kazi nyingine, nayo ni kutenga kitu na kitu. Kwa hiyo mashini iliona vitu viwili: cha kwanza ni 3, cha pili ni 5 mara 2000. Ikavijibu vyote viwili kwa utulivu, bila kuonya. Makosa ya namna hiyo ndiyo ya hatari. Kosa linalopiga kelele mtu hulitafuta, lakini hili linalonyamaza humfuata mpaka sokoni.

Mwalimu yule aliendelea. «Nilitafuta maelezo katika silabusi yako, sikuyapata. Nikanunua mega, nikatafuta usiku kwenye simu, nikakuta kitabu kizima. Onyo kuhusu mkato limo, katika sura za mwanzo kabisa.» Hapo akainamisha macho. «Nimeona pia kurasa za kwanza, zenye jina la mwandishi na leseni. Nikafikiri katika nakala yako zilianguka wakati wa kuchapa.»

Vijana wapendwa, mtu yule alijua. Alinifungulia mlango wa kutokea ili nisiaibike mbele ya mtu aliye mdogo wangu. Nami nilipita katika mlango huo. Nilimjibu, «Ndiyo, zilianguka.» Akatoa mfukoni karatasi zilizokunjwa, akaniwekea mezani. Ulikuwa ukurasa mmoja aliouandika yeye mwenyewe juu ya mkato na nukta, wenye mifano ya kahawa, mananasi na sambaza, pamoja na nakala ya ile leseni. Alisema, «Nimekuletea, labda utaviongeza.» Kisha akaondoka kuwahi boti.

Jioni ile nilibaki peke yangu katika chumba cha mashini. Nilikuwa nimefupisha kitabu ili niokoe karatasi, na katika kufupisha nililitupa onyo ambalo watoto wetu walilihitaji kuliko watoto wengi. Nilifungua kabati kutafuta flashi ya zamani, na daftari la yule binti likaangukia miguuni pangu. Nikalifungua kwa mara ya kwanza. Mwandiko ulikuwa safi. Katika ukurasa wa tisa, pembeni, kwa penseli, alikuwa ameandika swali: «Nimejaribu 2,5 * 4. Kwa nini mashini inatoa namba mbili? Nimwulize Mwalimu.»

Swali lile lilikuwa limekaa kabatini mwangu tangu siku nilipomnyang'anya daftari. Aliyenakili kwa mkono ndiye aliyesoma kwa makini kuliko wote walionunua, naye alikuwa ameliona kosa la silabusi yangu kabla ya mwalimu wa Idjwi, na kabla yangu mimi niliyeitwa mwandishi.

Usiku huo nilizisoma kurasa nilizozikata. Leseni haikuwa na maneno magumu. Ilimruhusu mtu yeyote kunakili kitabu, kukibadilisha na kukigawa, kwa masharti matatu: amtaje mwandishi, asikifanyie biashara, na atakachokitengeneza kutokana nacho akiache wazi kwa wengine kwa masharti yale yale. Nilikuwa nimeyavunja yote matatu kwa jalada moja. Tena nilimwadhibu binti kwa tendo ambalo mwenye kitabu aliliruhusu tangu mwanzo.

Nikaona zaidi. Swinnen mwenyewe, katika maneno yake ya mwanzo, anawataja wale aliochota kwao: Allen Downey, Jeffrey Elkner na Chris Meyers. Sikuwajua. Niliwatafuta siku zilizofuata, nikakuta historia ambayo nawaomba muishike.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 1999, Downey, mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, alikuwa akijiandaa kufundisha lugha ya Java, naye hakuridhika na vitabu vilivyokuwepo, kwa kuwa vilikuwa vinene na wanafunzi hawakuvisoma. Aliamua kuandika chake, sura moja kwa siku, kwa siku kumi na tatu. Akakitoa kwa leseni huru, yaani kila mtu aweze kukinakili na kukirekebisha. Elkner, mwalimu wa sekondari katika jimbo la Virginia, akakichukua na kukigeuza kiwe cha lugha ya Python, kisha akamtumia Downey nakala. Mwandishi wa kwanza akajifunza Python kwa kusoma kitabu chake mwenyewe kilichorudi kutoka mikononi mwa mwingine. Toleo hilo lilichapwa mwaka 2001. Huko Ubelgiji Swinnen akachota humo, akaongeza mengi ya kwake kwa Kifaransa. Hivyo kitabu kikavuka bahari, kikafika kwenye flashi, kikafika Bukavu, mezani pangu. Wote hao walipokea, wakaongeza, wakataja, wakapitisha. Mahali mnyororo ulipokatika ni kwangu.

Jambo moja katika historia hiyo lilinichoma kuliko mengine. Elkner anaeleza kwamba aliwapa wanafunzi wake alama ya ziada kila walipoona kosa katika kitabu au kupendekeza jambo lililosababisha kitabu kirekebishwe. Na Downey, katika toleo lake la baadaye, anawashukuru wasomaji zaidi ya 100 waliomtumia masahihisho, akiwataja kwa majina na kosa ambalo kila mmoja aliligundua. Mwalimu wa Virginia alimpa alama mwanafunzi aliyeona kosa. Mimi wangu nilimnyang'anya daftari.

Wengi hudhani kwamba kugawa vifaa vya kufundishia ni sadaka, yaani mwenye navyo humhurumia asiye navyo. Nami nilidhani hivyo, ndiyo maana nilijiona nina haki ya kunyima, sadaka hailazimishwi. Lakini silabusi iliyofungiwa haikuwa yangu tu, ilikuwa pia mbaya. Ilikuwa na shimo ambalo nisingeliona kamwe, kwa kuwa mimi sikuuza kahawa kwa kilo. Aliyeliona ni mwalimu wa kisiwani na binti asiye na fedha. Somo linapopita katika mikono ya watu wengi hupata macho ya watu wengi. Anayelifungia hawanyimi wengine tu, anajinyima pia yale ambayo wangemrudishia.

Wakubwa wa dunia nao wameliona hilo. Neno linalotumika leo kwa vifaa hivi, yaani nyenzo huria za elimu, lilitokana na kikao kilichoitishwa na UNESCO mwaka 2002, na mwaka 2019 nchi wanachama zilipitisha pendekezo la kuzihimiza. Lakini pendekezo la Paris halifungui kabati la Bukavu. Mwenye ufunguo ndiye anayelifungua.

Nilianza na mwalimu wa Idjwi. Nilimpigia simu, nikamwambia kwamba kurasa zile hazikuanguka; nilizikata mimi. Kwa muda hakusema kitu, kisha akajibu, «Asante, mkubwa wangu. Basi tuandike upya pamoja.» Hakuongeza neno lingine juu ya jambo hilo mpaka leo.

Kisha nilimtafuta yule binti. Nilimkuta kwenye cherehani, katika chumba anachoshonea pamoja na wenzake wawili. Nilimrudishia daftari, nikamwomba msamaha mbele yao, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya watu. Aliligeuza mpaka ukurasa wa tisa, akaangalia penseli yake ya zamani. Akasema, «Mwalimu, sikuhuzunikia daftari. Nilitaka jibu tu.» Nilimweleza mkato na nukta palepale, nikiandika kwa chaki ya kushonea juu ya kipande cha kitambaa. Alielewa kabla sijamaliza. Sitawadanganya kwamba alirudi kwenye informatike. Hakurudi, na hilo sitaweza kulirekebisha. Nilimwomba ruhusa niliweke jina lake katika ukurasa wa waliosahihisha. Alifikiri kidogo, akasema, «Liweke.»

Silabusi mpya inatolewa bure kama faili, kwa yeyote aliye na flashi. Anayetaka karatasi analipa fotokopi peke yake. Mke wangu aliniuliza kodi ya nyumba itatoka wapi, naye alikuwa na haki ya kuuliza. Fedha ile haikurudi kwa njia nyingine. Tulihamia nyumba iliyo mbali zaidi, na kila asubuhi natembea dakika arobaini kwenda shuleni. Nawaambia haya ili asiwepo kijana atakayefikiri kwamba haki haina gharama. Inayo, lakini afadhali gharama hiyo kuliko ile aliyoilipa binti yule kwa niaba yangu.

Mtaniuliza: je, wakija watu wakaikata tena, wakaandika majina yao? Wamekwisha kuja. Mwaka jana nililetewa silabusi ya mwalimu mmoja, ambaye sitamtaja, nikakuta kurasa zetu zote mle, hata mfano wa kahawa, bila ukurasa wa majina. Hasira ilipanda, kisha nikakumbuka namna nilivyotendewa mimi. Nilimpelekea ukurasa ule pamoja na barua fupi, nikamwandikia kwamba nadhani ulianguka wakati wa kuchapa. Bado sijapata jibu. Nangoja.

Sasa nageukia ninyi. Msiseme kwamba hamna vifaa. Kuna Thonny, iliyotengenezwa katika chuo kikuu cha Tartu huko Estonia, inayomwezesha anayeanza kuandika Python bila intaneti mara ikishawekwa katika mashini. Kuna Scratch ya MIT, ambayo unaweza kuitumia kwa Kiswahili. Na hata umeme usipokuwepo, kuna michezo ya Tim Bell, Ian Witten na Mike Fellows, waliokusanya masomo ya kompyuta yasiyohitaji kompyuta yoyote. Mnakumbuka zile kadi tano tulizozikata kutoka katika maboksi, tukabandika maharage 16, 8, 4, 2 na 1? Aliyekuwa na miaka 19 alifunua ya 16, ya 2 na ya 1, akazifunika nyingine, akasoma 10011, akapiga kelele kwa furaha kwamba amejua namna mashini inavyoandika umri wake. Kadi zao zina nukta nyeusi. Maharage tuliyaongeza sisi. Nasi tuliandika kwenye boksi mchezo umetoka kwa nani.

Nawaomba mambo matatu tu. Mkipokea somo, ulizeni limetoka kwa nani, na jina hilo lisidondoke mikononi mwenu. Mkiona kosa, liandikeni pembeni hata kwa penseli, na mlipeleke kwa aliye na faili. Na mkiwa na kitu ambacho mwenzenu wa ng'ambo ya ziwa anakihitaji, msimngoje avuke kwa boti mara mbili.

Yule aliyeniuliza Jumamosi, nadhani sasa umepata jibu. Ukurasa wa majina ni mrefu kidogo kuliko mwaka jana, na mwisho wake kuna nafasi tupu. Tumeiacha kwa makusudi. Mwenye kuona kosa aje.